Ufukara Bila Nadhiri

Mwanzoni mwa Desemba 2023, watu waliokuwa wamenunua vipindi vya Discovery katika duka la PlayStation walipata taarifa fupi kutoka Sony: kwa sababu ya makubaliano ya leseni na wenye haki, vipindi hivyo vitaondolewa katika akaunti zao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Orodha iliyoambatanishwa ilikuwa na misimu zaidi ya 1,300. Hawa hawakuwa watu wanaolipia huduma kwa mwezi wakasahau kulipa. Walikwisha kununua, fedha zikakatwa, risiti zikaingia. Kabla mwezi haujaisha Sony ikatangaza kwamba makubaliano yameongezwa na vipindi vitabaki kwa angalau miezi 30, kelele zikatulia. Hata hivyo ile miezi 30 ndiyo iliyostahili kelele kubwa zaidi. Mtu aliyenunua jembe haongezewi muda wa kulima nalo.

Halikuwa tukio la kwanza. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kutoka katika Kindle za wasomaji, baada ya kugundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wasomaji walirudishiwa fedha zao, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alibaki na maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo yake, bila kurasa ambazo maelezo hayo yalizihusu. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyouzwa humo vikaacha kufunguka. Julai 2022 wateja wa PlayStation wa Ujerumani na Austria walitangaziwa kwamba mamia ya filamu za StudioCanal walizozilipia zitaondolewa. Kila mara maelezo yalitolewa, na mara nyingine fidia. Lakini katika visa vyote hivyo, mkono uliouza ulikuwa bado umekishika kitu kilichouzwa.

Ni katika hali hii watu wanauliza kama diski za filamu zenye ubora wa juu zimebakiwa na siku nyingi. Blu-ray iliingia sokoni mwaka 2006, ikapambana na HD DVD ya Toshiba, ikashinda tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ilipotangaza kujitoa. Ushindi huo haukunona. Samsung iliacha kuleta mashine mpya za Blu-ray katika soko la Marekani mwaka 2019. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa njia ya posta, ilituma bahasha zake za mwisho Septemba 2023. Best Buy ikaacha kuuza filamu za diski mwaka 2024, na Februari 2025 Sony ikasimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Marekani, ambako katikati ya miaka ya 2000 diski za filamu ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 15 kwa mwaka, mauzo hayo yalishuka chini ya dola bilioni 1 mwaka 2024.

Wapenzi wa diski huitetea kwa ubora wa picha, na wana hoja. Blu-ray ya kawaida hubeba picha kwa kasi inayoweza kufika megabiti 40 kwa sekunde. Ile ya 4K, yenye tabaka tatu na nafasi ya gigabaiti 100, inaweza kufika 128. Netflix huwashauri watazamaji wa 4K wawe na intaneti ya megabiti 15. Tofauti hiyo huonekana katika moshi, katika ukungu, katika giza la usiku, mahali ambapo picha iliyobanwa hugeuka mabakamabaka. Diski ya 4K ya Oppenheimer, filamu ya Christopher Nolan, ilipotoka Novemba 2023 ilimalizika madukani kwa siku chache. Lakini intaneti huongezeka kasi kila mwaka, na hoja ya picha itazidi kukosa nguvu. Hoja itakayobaki ni ya zamani kuliko sinema yenyewe: anayelipa, anapata nini hasa?

Mafakihi walilitazama swali hili kwa makini. Katika Minhaj at-Talibin ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanazuoni wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, mauziano, ukodishaji na uazimaji vina milango yake mbalimbali, na kila mlango una masharti yake. Katika mauziano, kitu chenyewe humwendea mnunuzi pamoja na manufaa yake yote, na muuzaji hana tena neno juu yake. Katika ukodishaji, kitu hubaki kwa mwenyewe na yanayouzwa ni manufaa tu. Ndiyo maana lazima manufaa hayo yawe na mpaka unaojulikana, na ujira ujulikane. Katika uazimaji, ambao hauna malipo, mwenye kitu anaweza kukidai wakati wowote apendao.

Basi filamu inayouzwa mtandaoni iingizwe mlango upi? Bei yake ni ya mauziano, kwani mara nyingi hukaribia bei ya diski, na wakati mwingine huipita. Kitu kubaki mkononi mwa mwenyewe ni sifa ya ukodishaji, lakini muda haukutajwa. Mwenyewe kuweza kukiondoa siku yoyote ni sifa ya uazimaji, ila anayeazimwa hatozwi kitu. Mteja amelipa kama mnunuzi, amewekewa mipaka kama mpangaji, na hana uhakika zaidi ya ule wa aliyeazimwa. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya gharari, ambayo jambo lake la msingi limefichika. Kutoa fatwa ni kazi ya wenye elimu hiyo. Hata hivyo mtu wa kawaida huona mara moja kilichofichika hapa: hakuna anayemwambia mnunuzi atakaa na filamu yake kwa muda gani.

Hili halimnyimi mtunzi haki yake. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilikubali kwamba haki za utunzi na ubunifu ni mali inayolindwa kisheria, na haifai kuzivamia. Mtu anayenunua diski ya Blu-ray halali naye hanunui haki ya kuitoa filamu hiyo nakala na kuziuza. Ananunua nakala moja. Tatizo la duka la mtandaoni ni kwamba hata hiyo nakala moja haimfikii.

Wakristo wa Ulaya waligombana juu ya jambo hilihili hadi watu wakatiwa gerezani. Fransisko wa Assisi, aliyefariki mwaka 1226, alitaka ndugu zake wasimiliki kitu, si mmoja mmoja tu bali hata wakiwa shirika zima. Ndugu Wadogo, kama shirika hilo lilivyoitwa, wakaongezeka, wakawa maelfu. Walikula, walivaa, walilala ndani ya nyumba, walisoma vitabu. Vitu hivyo vilikuwa vya nani? Mwaka 1279 Papa Nikolasi III alijibu katika hati yake Exiit qui seminat kwamba umiliki ni wa Kanisa la Roma, na ndugu wana matumizi matupu: wanakitumia kitu kwa kuruhusiwa, bila kuwa na haki yoyote juu yake.

Papa Yohane XXII, aliyekaa Avignon, hakuridhika na jibu hilo. Desemba 1322 alitoa hati Ad conditorem canonum, akaukataa umiliki ambao watangulizi wake walikuwa wamejitwika kwa niaba ya ndugu. Hoja yake ilikuwa kali na nyepesi kueleweka. Kuna vitu ambavyo kuvitumia ni kuvimaliza: mkate, jibini, yai. Mtawa akishakula yai, Kanisa la Roma limebaki na umiliki wa nini? Kwa vitu kama hivyo, alisema Papa, matumizi hayawezi kutenganishwa na umiliki, na anayedai kwamba anatumia bila kumiliki anajidanganya. Bonagratia wa Bergamo, mwanasheria wa shirika, alipinga mbele ya Papa mwanzoni mwa 1323, akafungwa. Mei 1328 yeye, mkuu wa shirika Mikaeli wa Cesena, na mwanafalsafa Mwingereza William wa Ockham walitoroka Avignon usiku, wakaenda kutafuta hifadhi kwa Ludwig wa Bavaria, hasimu wa Papa. Ugomvi huo ndio ulio nyuma ya The Name of the Rose, riwaya ya Umberto Eco ambayo Jean-Jacques Annaud aliigeuza filamu mwaka 1986. Wengi waliiona filamu hiyo kwa ajili ya mauaji katika monasteri, na maskini hawakuelezwa kwa nini wale watawa walikuwa wakizozana hivyo juu ya mfuko wa fedha wa Yesu.

Jibu la Ockham, aliloliandika katika kitabu kirefu mwanzoni mwa miaka ya 1330, lina faida kubwa leo kuliko watunga sheria wengi wanavyojua. Alitenganisha haki ya kutumia na ruhusa ya kutumia. Mwenye haki akinyang'anywa kitu bila kosa anaweza kusimama mahakamani na kudai. Mwenye ruhusa hawezi. Alitoa mfano wa maskini walioalikwa na tajiri: wanaruhusiwa kula kilichowekwa mbele yao, lakini mwenyeji akiondoa sahani hawana pa kushtaki. Ndugu Wadogo, alisema, wako hivyo, na wameikubali hali hiyo kwa hiari, kwa ajili ya Mungu.

Hapo ndipo alipofikishwa mwenye akaunti ya filamu. Masharti ya maduka makubwa ya mtandaoni humpa ruhusa ya kutazama, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Yeye ni mgeni mezani, katika hali ya Ndugu Mdogo kamili, isipokuwa kwamba hakuweka nadhiri yoyote, hakuna aliyemuuliza kama anataka ufukara, na kila anapoketi anatozwa bei ya chakula kizima.

Kwa haki, hoja ya yai inawasaidia wenye maduka. Filamu haiishi kwa kutazamwa. Watu milioni wakiitazama, inabaki vilevile, kwa hiyo inawezekana kabisa kutenganisha matumizi yake na umiliki wake. Hata Yohane XXII angelikubali hilo. Kukodisha filamu ni biashara safi. Ukodishaji wa kanda za video uliendesha maduka ya mitaani kwa miaka mingi, Nairobi na Dar es Salaam kama kwingineko, na kila mteja alijua kwamba kanda inarudi. Ubaya unaanzia pale ukodishaji unapovalishwa nguo ya mauziano, na bei ya mauziano ikatozwa.

Kuna pia wanaoiona hali hii kuwa ni heri. Nyumba imepungua vitu, mashubaka yamebaki wazi, na mtu hafungwi na anavyovimiliki. Dini zimesifu kutoshikamana na mali kwa muda mrefu, na wanaozungumzia zuhudi au ufukara wa roho hawasemi ovyo. Ila zuhudi ni tendo la mwenye kitu anayekiachia. Fransisko aliachia mali ya baba yake mbele ya askofu wa Assisi, na hakuna mfanyabiashara aliyevuna faida kila mwezi kutokana na kuachia kwake. Mtu ambaye mali haikumfikia hana cha kuachia. Umiliki wenyewe haukupungua duniani. Ulihama kutoka mamilioni ya nyumba ukakusanyika kwa kampuni chache, na hao si watawa.

Diski nayo isitukuzwe kupita kiasi. DVD zilitolewa zikiwa na mipaka ya kanda, na Kenya, Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliwekwa katika kanda namba 5. Mtu wa Mombasa aliyeletewa DVD halali na ndugu yake aliyeko Chicago, yenye namba 1, aliiweka ndani ya mashine yake na mashine ikaikataa. Aliimiliki diski asiyoweza kuitazama, huku diski ya wizi iliyouzwa barabarani ikicheza bila shida. Ni vigumu kuwalaumu watu kwa somo walilojifunza hapo. Blu-ray zina kufuli zake pia, na mashine isiyopata funguo mpya inaweza kushindwa kusoma diski mpya. Plastiki yenyewe huoza: mapema mwaka 2025 Warner Bros. ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinaharibika zenyewe zikiwa kabatini. Na kwa watu wengi wa bara hili, filamu iliyofika kwa bando la simu ndiyo ya kwanza waliyoweza kuilipia kihalali. Kabla yake hapakuwa na duka.

Kwa hiyo mpaka wa kweli haupiti kati ya plastiki na hewa. Faili ya kupakua isiyo na kufuli, inayoweza kuhifadhiwa kwenye flashi na kuchezwa bila kuomba idhini ya mtu, ni milki kamili kama diski ilivyo. Jambo hilo linawezekana, kwani Apple iliondoa kufuli katika nyimbo za iTunes mwaka 2009 na biashara ya muziki haikufa. Studio za filamu hazikufuata. Faili za filamu wanazouza wengi wao zimefungwa kwa funguo zinazokaa kwa muuzaji, na siku huduma inayotunza funguo hizo ikifungwa, kama UltraViolet ilivyofungwa tarehe 31 Julai 2019, wateja hulazimika kukimbilia kuhamisha vyao kabla mlango haujafungwa.

Vipi basi milki ya nakala moja, katika nyumba moja, iwe na uzito wa kidini? Mambo ya Walawi, sura ya 25, huwaambia Waisraeli kwamba hata ardhi yao ni ya Mungu, na wao ni wageni juu yake. Qurani, katika sura ya Al-Hadid, huwaambia waumini watoe katika yale waliyofanywa kuwa mawakili wake. Kama kila milki ya mwanadamu ni amana, kitu cha kwanza anachodaiwa mwenye kumiliki ni kukilinda kisipotee. Kwa upande wa filamu, historia inaonyesha ni nani aliyeitunza amana hiyo na ni nani aliyeivunja.

Tarehe 9 Julai 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka moto, likateketeza sehemu kubwa ya filamu zisizo na sauti za kampuni hiyo. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, asilimia 14 tu ndizo zilizosalia katika umbo lake la awali. Moto haukufanya kazi yote. Nyingi zilitupwa au kuyeyushwa kwa ajili ya fedha iliyomo ndani ya mkanda, kwa amri ya wenyewe halali, waliodhani hakuna atakayetaka kuziona tena.

Filamu ya Carl Theodor Dreyer juu ya hukumu ya Joan wa Arc, ya mwaka 1928, iliungua mara mbili. Mkanda asilia uliteketea Berlin mwaka huohuo. Dreyer akakusanya vipande alivyoviacha mwanzo, akaunda filamu upya, na hiyo nayo ikaungua. Kwa zaidi ya nusu karne watu walitazama nakala zilizokatwakatwa. Mwaka 1981 nakala nzima ya toleo la kwanza ikapatikana kabatini katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dikemark, nchini Norway. Hakuna aliyeiweka pale kwa niaba ya kampuni. Ilikuwepo kwa sababu nakala za filamu zilikuwa vitu, na vitu husafiri, husahaulika, hukaa.

BBC kati ya 1967 na 1978 ilifuta kanda za vipindi vyake vingi ili izitumie tena, na zaidi ya sehemu 90 za Doctor Who hazijulikani zilipo hadi leo. Lakini shirika hilo lilikuwa limeuza nakala za filamu kwa vituo vya televisheni vya ng'ambo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea zimepatikana katika stoo ya kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. London ilikuwa imefuta kwa mkono wake. Jos, bila kujua, ikawa imehifadhi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalinusurika kwa namna inayofanana: Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa watu walioyakumbuka, akampa Mwingereza W. E. Taylor, hadi William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Utunzi ulikaa katika vinywa na mikono mingi, hivyo kifo cha mmoja hakikuuzika.

Linganisha na Mei 2023. Disney iliondoa kwenye huduma yake makumi ya filamu na vipindi, pamoja na tamthilia ya Willow, iliyokuwa haijatimiza hata mwaka tangu ianze. Filamu ya Crater, iliyotolewa mwezi huohuo wa Mei, iliondolewa kabla Julai haijafika. Sababu zilikuwa za kihasibu, na kampuni iliandika hasara ya dola bilioni 1.5 katika vitabu vyake. Crater baadaye iliuzwa mtandaoni. Willow haikuwa na diski, haikuwa na Jos, haikuwa na kabati la Dikemark. Mamia ya watu waliifanyia kazi, na waliotaka kuiona tena walikosa mahali halali pa kuiona. Mwenye mali alikuwa na haki ya kisheria kuitoa. Lakini kama anashika amana, na yeye peke yake ndiye mwenye nakala, basi mzigo wake ni mzito kuliko wa mfanyabiashara anayepanga upya duka lake, na kuuchukulia kama suala la kodi na mahesabu ni kosa la kimaadili.

Jambo la pili linalodaiwa mwenye kumiliki ni kutoa. Na hapa tofauti ya diski na akaunti ni kubwa. Wakfu, ambao pwani yote inaujua kupitia misikiti, visima, mashamba na nyumba, una sharti la kwanza: anayeweka wakfu lazima awe anamiliki. Mtu hawezi kuweka wakfu alichoruhusiwa tu kukitumia. Huko Seattle liko duka la filamu liitwalo Scarecrow Video, lililoanza mwaka 1988. Biashara ilipodhoofika, mwaka 2014 wenyewe waliutoa mkusanyiko wote kwa shirika lisilo la faida, na leo una filamu zaidi ya 140,000, nyingi zikiwa hazipatikani katika huduma yoyote ya mtandaoni. Mwanazuoni wa Unguja angelitambua tendo hilo papo hapo, hata kama waliolitenda hawakulipa jina hilo. Lisingewezekana kama wale wenyewe wangekuwa na akaunti.

Sheria ya Marekani inayoruhusu maktaba kuazimisha diski ilianzia kwenye kesi ya riwaya. Mchapishaji Bobbs-Merrill alichapisha The Castaway akiandika ndani kwamba isiuzwe chini ya dola moja. Ndugu wawili wa familia ya Straus, wenye duka la Macy's, wakaiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mwenye haki ya utunzi akishauza nakala, hana amri juu ya mauzo yake ya baadaye. Juu ya uamuzi huo yalisimama maduka ya vitabu vikuukuu, maktaba za video, na zawadi za siku ya kuzaliwa. Faili zilipokuja, mahakama zilikataa kuzibeba: kampuni ya ReDigi ilishindwa mwaka 2018 ilipotaka kuwaruhusu watu kuuza nyimbo walizonunua, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ikafunga njia hiyohiyo kwa vitabu vya kidijitali katika kesi ya Tom Kabinet. Hoja ya majaji wa Marekani ina mantiki ya kisheria, kwani kuhamisha faili ni kuizalisha upya. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba kizazi hiki ndicho cha kwanza kulipia utamaduni wake bila kuweza kumpa mtu mwingine hata kipande kimoja chake.

Wala kumwachia mtoto. Tangu mwaka 2021 Apple humruhusu mtumiaji kumtaja mtu atakayefungua akaunti yake akifariki. Picha, barua na nyaraka hufunguka kwake. Filamu, muziki na vitabu vilivyonunuliwa humo havimo. Kadhi anayegawa mirathi anaweza kugawa rafu ya diski, hata ziwe mbovu kiasi gani, kwa sababu zilikuwa za marehemu. Akaunti yenye filamu za maelfu ya dola haimpi kitu cha kugawa.

California imechukua hatua moja. Sheria yake namba AB 2426, iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inakataza maduka ya kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni, isipokuwa pale kitu kinapopakuliwa kwa kudumu na muuzaji hawezi kukirudisha. Haikulazimisha mtu kuuza. Imelazimisha kusema kweli, na hilo si dogo. Bado inafaa kwenda mbele: duka linalouza filamu litoe faili isiyo na kufuli, au litaje muda wa ukodishaji na bei ishuke ilingane nao, na filamu inayotolewa mtandaoni peke yake iwekwe nakala katika maktaba ya taifa la mtunzi, kama Ufaransa ilivyoamuru kwa vitabu mwaka 1537 na baadaye ikapanua amri hiyo hadi filamu. Na sisi tusingoje sheria: filamu za kwanza za Bongo zilitoka kwa kaseti za VHS, kisha VCD na DVD, kabla ya kuwepo jukwaa lolote la kuzitiririsha. Wenye kaseti hizo Kariakoo, Tanga na Mwanza wazinakili kwenye diski kuu mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa jamaa, sasa, wakati bado zinacheza.